Taa ya gari inapotoka jasho ndani: nitoboe, nizibe au ninunue nyingine?

"Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu, naishi Malindi na nafundisha upande wa Gongoni, kwa hiyo natoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Gari langu ni dogo, la kutoka Japani, la mwaka 2015. Tangu masika yaanze, taa zote mbili za mbele huamka na ukungu ndani ya kioo. Ya kulia hukauka kabla ya saa nne. Ya kushoto haikauki: ina matone makubwa, na juzi baada ya mvua niliona maji yametuama chini, yanacheza nikipiga breki. Taa hiyo iligongwa na tuktuk mwaka jana. Bampa likanyooshwa, taa ikarudishwa ileile. Baadaye nikawekewa balbu za LED pande zote mbili. Sasa fundi mmoja aniambia atoboe matundu mawili chini maji yatoke. Jirani aniambia niizungushie silikoni pande zote, isiingie hata hewa. Muuza spea asema taa imekufa, ninunue mpya. Nimsikilize nani? Na je, ni hatari kuendesha hivi?"

Aleikum salaam, mwalimu. Katika washauri wako watatu sijaona hata mmoja aliyeuliza maji yameingilia wapi. Wa kwanza ataka kuyafungulia njia, wa pili ataka kuyafungia, wa tatu ataka akuuzie taa. Wewe mwenyewe umeshanipa sehemu kubwa ya jibu pale ulipotenganisha taa ya kulia na ya kushoto, kwa sababu hizo ni habari mbili mbalimbali. Ya kulia inapumua kama ilivyoundwa. Ya kushoto inavuja. Ukizitibu kwa dawa moja utaiharibu mojawapo, na huenda ukaziharibu zote.

Nianze na dhana ya jirani yako, maana ndiyo iliyoenea zaidi: kwamba taa ya gari imefungwa pande zote, na hewa ikiingia basi kuna ubovu. Zamani taa za namna hiyo zilikuwepo. Zile za duara za Land Rover kuukuu, kioo na riflekta (ule uso wa ndani unaorudisha mwanga mbele) na waya wa kuwaka vilikuwa kitu kimoja kilichozibwa kiwandani. Ikiungua waitupa nzima. Ya gari lako ni kasha la plastiki lililogandishwa na kioo cha mbele, ambacho nacho ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na nyuma yake kiwanda kimeacha kwa makusudi vijitundu vya kupitisha hewa, yaani vipumulio. Inama na tochi utaviona. Aghalabu ni kipira kidogo kilichopinda kutazama chini, au kiraka cha utando unaopitisha hewa na mvuke lakini haupitishi tone la maji. Mara nyingi huwa viwili au zaidi, kimoja juu na kingine chini, ili hewa izunguke.

Viliwekwa kwa sababu hewa ikipata moto hutanuka. Hewa ya ndani ya taa ikitoka nyuzijoto 28 ikafika 80, huhitaji nafasi zaidi kwa kama asilimia 17. Isipopata pa kutokea itasukuma maungio mpaka gundi iachie. Unapozima taa, hewa ile hupoa na kunywea, na pengo hilo hujazwa na hewa ya nje. Kila safari taa huvuta na kutoa. Ikivuta hewa yenye maji, maji hayo huingia nayo.

Na hewa yetu ina maji mengi. Chukua jioni ya kawaida ya Malindi, tuseme nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Hewa ya joto hilo ikishiba kabisa hubeba kama gramu 27 za maji katika kila mita ya ujazo. Kwa asilimia 80 inabeba karibu 22. Ikipoa hadi nyuzi 24, gramu hizo 22 zinatosha kuishibisha, na ikipoa zaidi ya hapo maji hushuka juu ya chochote kilicho baridi. Ndilo jasho la gilasi ya sharubati yenye barafu. Kwa hiyo kati ya jioni yetu na umande kuna nyuzi nne tu. Nairobi, mchana wa nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50, hewa itabidi ipoe hadi kama nyuzi 13 ndipo ianze kutoa jasho. Mtu akishuka na gari kutoka bara huapa kwamba taa zake zilikuwa nzima mpaka alipofika pwani. Zilikuwa nzima, na huenda bado ni nzima.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wengi hawalitaji. Usiku usio na mawingu, kitu kinachotazama mbingu hupoteza joto lake kuelekea juu kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Paa la gari hulowa umande na mvua haikunyesha, lakini gari lililolala chini ya mwembe huamka kavu. Kioo cha taa kimekaa mshazari, nusu chatazama juu, basi nacho hupoa vivyo hivyo, na ukungu huanzia sehemu yake ya juu. Ikiwa taa moja iko karibu na ukuta wa nyumba na nyingine iko upande ulio wazi, ya upande wa wazi itatoka jasho zaidi ingawa zote ni nzima.

Hapo ndipo pana jaribio lisilo na gharama. Usiku mbili tatu geuza gari, liegemee ukuta kwa ubavu wa pili. Ukungu ukihamia taa nyingine, ujue ni mbingu na ukuta. Ukibaki palepale, ni taa yenyewe. Yako ya kushoto nadhani haitahama, lakini wapo wasomaji watakaojiokolea pesa kwa jaribio hili peke yake.

Ukungu wa kawaida una tabia zake. Ni mwembamba, umetanda sawasawa, ukiutazama karibu ni vitone vidogo mno visivyotiririka. Huonekana alfajiri, au baada ya gari lililokuwa juani kumwagiwa maji baridi ya kisima mahali pa kuoshea. Jua likipanda au ukiendesha taa zikiwa zimewaka, huondoka wenyewe. Taa yako ya kulia imekidhi yote hayo.

Utaniuliza kwa nini hata hiyo inachukua muda mrefu kuliko ilivyokuwa zamani. Hapo naitazama ile LED. Balbu ya halojeni, ile ya waya unaowaka, ya wati 55 au 60, sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, na joto hilo hutupwa mbele pamoja na mwanga, likapasha kioo na kukikausha. LED hutoa joto kidogo sana kwa mbele. Lake hurudi nyuma kwenye kile kipande cha chuma chenye mapezi au feni. Kioo hubaki baridi, ukungu hukaa. Hata magari mapya yanayotoka kiwandani na taa za LED hukaa na ukungu kwa muda mrefu kuliko yale ya halojeni, na si ubovu.

Sasa tuje kwenye taa ya kushoto, na nakuomba unifuate kwenye hesabu hii ndogo, kwa sababu ndiyo inayokata shauri. Ndani ya taa ya gari dogo, hata tukikadiria kwa ukarimu, hakuna zaidi ya lita 10 za hewa. Kwa gramu 22 katika mita ya ujazo, hewa yote hiyo imebeba maji yasiyofika robo gramu. Hayo ni matone manne au matano. Yakitandazwa juu ya kioo yatafanya ukungu wa kutisha, lakini hayawezi kutuama yakacheza ukipiga breki. Maji unayoyaona ya kucheza yameingia yakiwa maji, kwa tundu au ufa, mvua iliponyesha au ulipopita dimbwini au gari lilipopigwa presha.

Washukiwa ni wawili, na umewataja wewe mwenyewe.

Wa kwanza ni balbu ya LED. Nyuma ya kila taa, pale balbu inapoingilia, pana mfuniko wa plastiki au wa mpira unaobana. Balbu hizi za madukani mara nyingi ni ndefu kuliko ile ya halojeni kwa sababu ya feni yake, na mfuniko haufungi. Fundi mwenye haraka hukata mpira katikati, au huuacha nusu umekaa, au hautii kabisa akauweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Fungua boneti utazame. Ikiwa mfuniko wa kushoto umekatwa au umejikunja ukingo, mengine yote yaweza kungoja, anza hapo. Linganisha na wa kulia. Ikiwa na wa kulia umekatwa lakini taa yake haituami maji, basi mfuniko peke yake hautoshi kueleza, na itabidi umtazame mshukiwa wa pili.

Huyo ni ile tuktuk. Taa inapogongwa, kioo chaweza kubaki kizima huku kasha la nyuma limepata ufa mwembamba, hasa kwenye masikio yanayoshikilia skurubu, au gundi ya maungio imeachana sehemu kidogo. Kisha bampa likinyooshwa lisirudi sawasawa, hubaki likiisukuma taa, na ufa hufunguka zaidi kila gari linapotikisika. Barabara yako yatikisa vya kutosha.

Ufa kama huo hauonekani kwa kutazama tu. Njia ninayoiamini ni hii: taa ivuliwe, ikaushwe, matundu ya balbu na vipumulio vyote vizibwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi isipokuwa kimoja, na hapo kwenye hicho kimoja uvishwe mpira mwembamba. Pakaa povu la sabuni kwenye maungio na masikio, kisha pulizia hewa kwa mdomo, polepole. Povu litachemka pale penye ufa. Nasema kwa mdomo, na narudia, kwa mdomo. Nimeona watu wakiweka kompresa ya kujazia magurudumu. Hiyo itafungua maungio yaliyokuwa mazima, na utarudi nyumbani na matundu mengi kuliko uliyokwenda nayo. Baada ya jaribio safisha sabuni yote, na usiruhusu iingie ndani.

Twende kwa washauri wako.

Kutoboa. Naelewa mvuto wake: maji yatatoka siku hiyohiyo na fundi ataonekana hodari. Ila tundu linalotoa maji ndilo linaloingiza maji, kwa kuwa gari likienda kasi gurudumu hurusha matope chini ya bampa. Huingiza vumbi na wadudu pia. Ubaya zaidi, kwetu sisi wa pwani, huingiza chumvi. Hapa nitakaa kidogo. Chumvi ya bahari haikai tu pale ilipoanguka. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi huvuta maji kutoka hewani mpaka iyeyuke yenyewe. Umeliona hilo jikoni wakati wa masika, chumvi inapogeuka tope. Usiku wa Malindi unyevu hupita hapo karibu mwaka mzima. Punje za chumvi zikishaingia kwenye taa, taa hiyo italowa hata kama umeegesha ndani ya banda na mvua haijanyesha wiki nzima. Nawe wafanya kazi Gongoni, palipo na mashamba ya chumvi, na upepo wa kusi wavuma kutoka baharini. Kwako wewe kutoboa ni shauri baya kuliko lilivyo kwa mtu wa Nakuru.

Tena chumvi hula riflekta. Ule uso wa fedha ni ngozi ya alumini nyembamba mara mia kadhaa kuliko unywele, iliyopulizwa juu ya plastiki. Huanza kwa madoa ya kijivu, kisha yanakuwa meusi, kisha hubanduka. Ikifika hapo hakuna polishi itakayoirudisha. Taa imekwisha kweli.

Silikoni pande zote. Jirani yako ana nusu ya haki. Ufa uliojulikana mahali pake huzibwa, na huzibwa vizuri. Lakini ukiizungushia taa silikoni bila kujua ufa uko wapi, mambo mawili hutokea. Utaziba vipumulio, hewa ikitanuka itatafuta penye udhaifu na kutokea hapo; taa ikipoa itavuta kwa nguvu kupitia kiufa ulichokikosa, na ikiwa hapo pana maji itayanyonya. Na pili, utafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia. Nimekuta taa zilizopakwa namna hiyo zikiwa na ukungu wa miezi, na mwenyewe ameongeza silikoni juu ya silikoni.

Hata silikoni yenyewe ina aina. Ile ya bei rahisi yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapoganda, na asidi hiyo ikiwa karibu na riflekta huitia madoa. Dukani uliza ile isiyo na harufu ya siki, iliyoandikwa kwamba haitoi asidi. Mbadala ni gundi laini ya butili, nyeusi, inayonata, ambayo ndiyo viwanda vingi hutumia kuunganisha kioo na kasha.

Ama muuza spea, ameruka hatua tatu. Huenda mwisho wa yote akawa kweli, lakini hawezi kujua mpaka mtu aone hali ya riflekta na ufa.

Kabla hujaniuliza: vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu. Wapo watengenezaji wachache wa taa wanaoviweka kwa makusudi, mahali pake maalumu, kwa hiyo wazo lenyewe si la kijinga. Tatizo ni kwamba silika hushika kama theluthi moja ya uzito wake kisha hushiba, na taa inayopumua hewa ya hapa itaishibisha upesi, halafu kipakiti kinabaki mzigo. Kikiteleza kikagusa balbu ya halojeni kitaungua. Kitumie kukaushia taa ikiwa mezani, ukitoe kabla ya kufunga. Mchele usiuweke kabisa. Una vumbi la wanga.

Hii ndiyo kazi ninayoipendekeza, kwa mpangilio wake.

Taa ya kushoto ivuliwe. Katika magari mengi kama lako itabidi bampa lilegezwe, kwa hiyo kama hujawahi kulivua, mwachie fundi, klipu zake huvunjika. Balbu zitolewe, mifuniko itolewe, taa iinamishwe maji yamwagike. Kisha nakushauri jambo litakaloonekana la ajabu: isuuzwe ndani kwa maji. Lakini yawe maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, kwani maji ya kisima chetu yana chumvi na ya bomba yana chokaa. Mimina kidogo, izungushe taratibu, mwaga, rudia. Unaondoa ile chumvi niliyoieleza. Usiingize kitambaa, usiingize kidole, usiingize pamba kwenye kijiti. Ngozi ile ya alumini hufutika pamoja na uchafu.

Kuikausha Malindi wakati wa masika kunahitaji akili kidogo, maana hewa unayokaushia nayo imelowa. Mashine ya kukaushia nywele kwa joto la wastani, iliyoshikwa mbali na kutikiswatikiswa, yafaa. Joto kali hupinda plastiki ya ndani mapema kuliko kioo. Njia bora zaidi, ikiwa una jamaa mwenye kiyoyozi, ni kuilaza taa chumbani humo usiku kucha, matundu yake yote wazi. Kiyoyozi hukamua maji kutoka hewani, na hewa yake yaweza kuwa na nusu ya maji yaliyo kwenye hewa ya uani. Asubuhi ifunge humohumo chumbani. Sitakudanganya kwamba hewa hiyo kavu itabaki ndani. Taa itapumua na ndani ya siku chache hewa itakuwa sawa na ya nje. Unachopata ni kwamba hakuna tone lililobaki la kuanzisha ukungu mpya.

Ufa mdogo kwenye kasha husafishwa kwa spiriti, hukwaruzwa kidogo kwa msasa, kisha huzibwa. Maungio yakiwa yameachana sehemu ndogo, huzibwa kwa nje. Yakiwa yameachana sehemu kubwa, taa hufunguliwa kwa kupashwa kwenye oveni, kama nyuzi 100 kwa dakika kumi hivi, butili ikalainika na kioo kikatoka. Hiyo usiijaribu nyumbani. Taa nyingine zimegandishwa kwa gundi isiyolainika kwa moto, na ukilazimisha utapasua kioo.

Vipumulio visafishwe kwa brashi laini. Nyigu hupenda kujenga humo, na vumbi la udongo mwekundu likichanganyika na umande hugeuka plasta. Kama kiraka cha utando kimechanika, kiwekwe kingine au kipira kipya. Kisizibwe.

Na mfuniko wa nyuma ununuliwe mpya, mzima. Ndipo utakapokabiliana na ile LED. Ikiwa haiingii chini ya mfuniko mzima, rudisha halojeni. Najua mwanga mweupe unapendeza, lakini riflekta ya gari lako ilichorwa kwa waya mdogo wa halojeni uliokaa mahali pamoja tu. LED ikikaa hata milimita chache kando, mwanga hutawanyika. Wewe waona karibu yako pameng'aa, anayekuja mbele haoni kitu. Kwa upande wa ukungu, halojeni itakukaushia kioo kila alfajiri bila kudaiwa. Unapoiweka usiishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huifanya ipate moto kupita kiasi sehemu moja ikapasuka. Ukiigusa, ifute kwa spiriti.

Ya kulia nayo badilisha mfuniko ikiwa ulikatwa, kagua kipumulio, basi. Usiifungue.

Umeuliza hatari. Ukungu mwembamba hupunguza mwanga kidogo, si wa kukuzuia safari. Matone makubwa hupinda miale na kuirusha juu, yakamtia kiwi mwenye bodaboda anayekuja. Maji yaliyotuama nayo yana hatari ya umeme: yakifika kwenye plagi ya balbu huleta kutu ya kijani, taa hupepesa, fyuzi huungua, na siku moja utakuwa na jicho moja. Kati ya daraja la Sabaki na Mambrui alfajiri kuna watu wanaotembea kwa miguu, baiskeli zisizo na taa na mbuzi. Mpaka taa ya kushoto itengenezwe, toka mwanga ukishakuwapo, au omba lifti. Na ukikuta dimbwi kubwa usilivuke kwa kasi na taa za moto. Taa iliyopashwa ikizamishwa ghafla hunyonya maji.

Kuna hali ambazo sitaki mtu aguse mwenyewe. Taa za zenoni, zile zenye mwanga wa samawati kutoka kiwandani, huwashwa kwa umeme unaoweza kupita volti 20,000. Zikiwa na maji ndani zimwone fundi wa umeme wa magari, si wa bodi. Taa za LED za kiwandani hali kadhalika, kwa kuwa vifaa vya ndani ni ghali na havibadilishwi kimoja kimoja kwa urahisi. Na yako: ikiwa baada ya kukaushwa na kuzibwa maji yamerudi na mvua ya kwanza, au riflekta imeshaota madoa meusi sehemu kubwa, acha kuihangaikia.

Ikifika hapo, mimi ningechagua taa iliyotumika iliyovuliwa kwenye gari la Japani kuliko mpya ya kuiga, kwa sababu maungio na vipumulio vya ile ya asili kwa kawaida ni bora. Umanjano wa juu ya kioo husuguliwa ukatoka, usikutishe. Itazame ndani kwa tochi: mstari mweupe kama alama ya maji kupwa ni ishara kwamba nayo ilituama maji. Hesabu masikio, tazama kama kuna lililogandishwa kwa gundi. Na uulize imetoka gari la usukani upi. Japani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mwanga wake huinuka upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Taa ya gari la nchi wanakoendesha kulia huinua mwanga upande wa kulia, machoni mwa anayekuja, na hakuna skurubu itakayorekebisha hilo.

Kabla fundi hajalegeza bampa, egesha gari mahali pa tambarare jioni, mita saba au nane mbele ya ukuta, washa taa za chini, na uchore ukutani kwa chaki mwanga wa taa ya kulia unapokatia. Taa ya kushoto ikirudishwa, gari lirudishwe palepale na mwanga wake ulingane kwa kimo na chaki kabla hujamlipa.